Mafuta ya Mwaka Juzi

Mama yangu, Vlasta, ana miaka hamsini na tisa,
na mishahara ya watu mia nne wa kiwanda cha meli
hupita mikononi mwake kila mwezi pasipo kosa la senti.
Jumamosi moja ya Mei, Grobnik, bura ikishuka mlimani
na kuangusha vikombe vya watu,
alivaa ovaroli lake la ngozi, akafunga zipu hadi kidevuni,
akaniuliza: "Mafuta ya breki umebadilisha?"
Nikasema ndiyo.

Nilikuwa nimebadilisha matairi.
Nilikuwa nimekaza mnyororo, nimeosha chujio,
nimebandika namba yake, sabini na moja, ikakaa sawa.
Chupa ya mafuta ilikuwa rafuni, nyuma ya rangi ya madirisha,
bado na utepe wake.

Awamu ya kwanza alirudi akicheka.
Ya pili alirudi akiminya wenzo kwa vidole viwili,
sikio ameliinamisha kama mtu anayechagua tikiti maji.
"Unakuwa laini," alisema. "Unakuja karibu."
Nikasema ni joto tu, utapoa.
Zdeslav wa hema la jirani, fundi wa lifti, akazitazama diski,
zimepata buluu ya shingo ya njiwa,
akafungua mdomo, akaufunga.

Jambo lenyewe ni dogo, linaenea kiganjani.
Mafuta ya breki yana kiu:
huyanywa maji ya hewani, kimya, tone kwa tone,
majira yote ya baridi, pikipiki imefunikwa shuka gerejini.
Yakiwa mapya hayakubali kubanwa. Ukiyasukuma huku
yanasukuma kule, neno kwa neno, hadi kwenye chuma.
Lakini yaliyolewa maji yakipata moto huchemka, mvuke ukazaliwa,
na mvuke ni mtu wa ndiyo.
Umbane, atakubali. Umbane tena, atakubali.
Chuma hakisikii chochote.

Awamu ya tatu, mzunguko wa sita, mwisho wa njia iliyonyooka,
nilimwona akiinua kifua kwenye kibao cha mia mbili.
Nikasubiri pua ya pikipiki iiname.
Haikuinama.
Nikaona mkono ukipampu, mara moja, mbili, tatu,
kama anayemwamsha mtu aliyelala fofofo;
gia zikashuka, injini ikapiga yowe, tairi la nyuma likatapatapa,
na kona ikaenda kushoto bila yeye.
Alisimama wima juu ya vikanyagio,
akaingia kwenye changarawe kama mtu anayeingia majini na nguo zake,
vumbi likafunga mlango nyuma yake.

Nilikimbia. Saa ilibaki ikihesabu shingoni mwangu.
Nilipofika alikuwa ameketi kwenye ukuta wa matairi,
amevua buti moja, anamwaga kokoto.
"Shika hii," alisema, akanipa helmeti.
Vidole vyake vya kulia vilikataa kukunjuka.

Jioni. Spana namba nane,
mpira mwembamba, chupa tupu ya matango ya siki.
Yeye kwenye wenzo, mimi kwenye skrubu.

Bana.
Nimebana.
Shika.
Nimeshika.
Robo. Funga.
Achia.

Mapovu yakapanda mpirani, madogo, kwa foleni,
na nyuma yao mafuta ya rangi ya chai iliyosahaulika jikoni.
Aliyatazama kama anavyotazama safu ya tarakimu
isiyokubali kujumlishika.
"Haya ni ya lini?"

Bura ilikuwa imetulia. Zdeslav alikuwa anakunja hema lake
polepole kuliko hema linavyotaka.
"Mwaka juzi," nikasema.

Akanyamaza muda wa pumzi mbili.
Wenzo ulikuwa umegusa mpini, ngumi yake nzima imefunga.
"Funga skrubu kabla sijaachia," alisema,
"la sivyo tutavuta hewa, tuanze upya."

Nikafunga.
Akaachia.
Akabana, na safari hii kitu kigumu
kikamjibu katikati ya njia.
"Tena," alisema.